Umeitwa Kusomea Uhandisi wa Mitambo? Jijenge na Ujuzi Huu 5 Kabla Hujaripoti Kampasi

KCSE huisha Novemba, na kampasi nyingi huita mafreshi kuanzia Agosti ama Septemba. Hiyo ni karibu miezi 9 ya kukaa kwa hao. Kumbuka pia digrii ya uhandisi hapa Kenya ni miaka 5, si 4 kama kozi nyingi. Ukirudia mwaka, ni karo juu ya karo, na mathe hana hiyo doo. So jipange mapema. Rada ni hii.

Kwanza, cheki kozi yenyewe

Bodi ya Wahandisi Kenya (EBK), iliyo chini ya sheria ya 2011, ndiyo huidhinisha kozi za uhandisi. Hakikisha ya chuo chako imo. Kozi ikiwa haitambuliki, kusajiliwa baadaye ni noma, na bila usajili huwezi jiita mhandisi kisheria. Uliza kabla ya kulipa karo, si baada.

1. Hesabu

Difarensiesheni na integresheni hukuja mwisho wa silabasi ya kidato cha nne, ndio maana wengi huzipitia mbio mbio. Kampasi nayo huanzia hapo hapo. Zirudie pamoja na trigonometri na vekta, swali kadhaa kila siku. Zoea pia kubadilisha vipimo. Tairi ya psi 30 ina presha ya kama kilopaskali 207. Ukichanganya vipimo kwa swali, jibu lote limeenda.

2. Kuchora kwa mkono

Chukua kikombe ama kufuli. Kichore kikionekana kutoka mbele, juu na kando, na vipimo vyake. Mpatie msee ambaye hajakiona, akwambie ni nini. Akikosa, mchoro wako bado. Hauhitaji talanta ya msanii, ni rula, penseli na subira.

3. Kompyuta

FreeCAD ni programu ya bure ya kuchora vifaa vya 3D. Anza na nati na bolti, usikimbilie injini nzima. Kwa koding, jifunze misingi ya Python. GNU Octave pia ni ya bure, na lugha yake inakaribiana sana na ya MATLAB, ambayo utaipata kampasi. Kama huna laptop, lisaa limoja sayba mara mbili kwa wiki si mbaya.

4. Kazi ya mikono

Hapa ndio wasee wa vitabu huanikwa. Enda gereji ya mtaa, ama kwa mafundi wa jua kali kama wale wa Kamukunji. Salimia vizuri, sema, "Fundi, naomba nikusaidie kazi nijifunze." Usianze kwa kuuliza malipo. Jua spana ya 10 na ya 13 kwa kuangalia tu. Jua kwa nini nati za gurudumu hukazwa kwa kuvukisha, si kwa kufuatana: gurudumu likae sawa, lisivutwe upande mmoja. Jifunze kusoma kalipa ya vernier.

Na usalama si mchezo. Vaa miwani kwa grainda. Kwa drili ya mezani ama leithi, vua glavu na ukunje mikono ya shati, kwa sababu kitu kinachozunguka kikishika kitambaa kinavuta mkono wote.

5. Kuandika na kuongea

Ripoti za maabara ni nyingi, na barua za kuomba atachimenti zinakungoja. Kila siku ukitoka gereji, andika mistari 5: kilichoharibika, sababu, na vile fundi alikitengeneza. Ukiweza kumweleza buda yako akaelewa, umeelewa pia wewe.

Si lazima umalize zote. Hesabu na mikono ndizo za kwanza, zingine zitafuata. Tagi mse wako aliyeitwa kozi hii, asipoteze hiyo miezi 9 kwa simu.