Washairi wa Gitaa wa Jadotville

Historia ya ushairi wa Kiswahili, kama inavyofundishwa, huanzia Pate na Lamu, hupita Mombasa na Unguja, hufika Tanga kwa Shaaban Robert, na upande wa magharibi hukomea Ujiji. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika huachiwa muziki peke yake. Mgawanyo huo si wa haki, na ushahidi upo Likasi, mji wa Katanga ulioitwa Jadotville hadi 1966. Ni mji uliozaliwa na shaba. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa 1906, ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, Maniema, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, na katika makambi kama Panda na Shituru watu wa lugha nyingi wakaishi mlango kwa mlango. Kiswahili kikawa lugha ya kazini na sokoni, kisha lugha ya watoto waliozaliwa hapo. Katika lugha hiyo aliimba Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa 1930 Bunkeya, uliokuwa mji mkuu wa Msiri, mtawala wa Wayeke aliyeuawa 1891. Mwaka 1952 mtafiti Hugh Tracey alimkuta Jadotville akamrekodi, na nyimbo kama “Masanga” na “Bombalaka” zikatolewa kwenye santuri na kampuni ya Gallo ya Johannesburg.

Lililofuata ndilo lililompotezea Bosco jina la mshairi. Wageni waliomsikiliza walishangazwa na vidole vyake. Mwaka 1961 David Rycroft alianza kuchapisha uchambuzi wa kina wa upigaji wake wa gitaa, noti kwa noti, na kazi hiyo ni ya kuheshimiwa. Lakini mtu asiyeishi ndani ya Kiswahili husikia kwanza nyuzi, na maneno kwake ni sauti tu. Mambo yalikuwa tofauti Nairobi, ambako Bosco aliishi kwa muda na kuwa na kipindi chake redioni: wasikilizaji wa huko walifuata kisa, ushauri na sifa kama walivyofuata mdundo. Umaarufu wake Kenya hauwezi kuelezwa na gitaa pekee.

Wapo watakaosema kwamba nyimbo hizi hazina vina wala mizani, kwa hiyo si mashairi. Pingamizi hili lina uzito. Mwaka 1954, miaka miwili tu baada ya Tracey kufika Jadotville, Kaluta Amri Abedi wa Ujiji alichapisha kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, na kwa kipimo chake Bosco hapiti. Wala haitoshi kumtaja Siti binti Saad, ambaye santuri zake zilitangulia, kwa sababu taarabu ya Unguja ilishika vina. Lakini tangu Euphrase Kezilahabi achapishe diwani yake Kichomi mwaka 1974, na baada ya mabishano makali, tumekubali kwamba shairi linaweza kusimama bila kipimo hicho. Tukimkubalia msomi wa Dar es Salaam aliyeacha vina kwa kujua, twawezaje kumkatalia mtunzi wa Katanga ambaye kipimo chake kilitoka kwingine? Maana kipimo anacho. Katanga ina mapokeo marefu ya sifa za kutamkwa, kama kasala ya Waluba, ambamo mstari hupimwa kwa pumzi, kwa majina na kwa marudio. Bosco aliuweka mstari wa namna hiyo juu ya mzunguko wa gitaa usiosubiri, ndani ya upande mmoja wa santuri wenye dakika tatu hivi. Huo nao ni mpaka mkali, na mtunzi alilazimika kujua lipi aseme na lipi aache.

Pingamizi la pili huwa halisemwi kwa sauti: kwamba Kiswahili chake ni cha migodini, si sanifu. Hili silikubali hata kidogo. Tenzi tunazozienzi zilitungwa kwa Kiamu, na hakuna anayemdai mtunzi wa Lamu aandike kama gazeti la Dodoma. Watu wa Likasi hawakuazima lugha kwa muda wa mkataba. Walioana nayo, wakazikana nayo, wakalea nayo.

Bosco alifariki 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia. Siku hizi mshairi wa Katanga anayejulikana zaidi duniani ni Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, naye huandika kwa Kifaransa. Basi tukizitoa nyimbo katika hesabu, eneo zima ambalo mamilioni huongea Kiswahili kila siku litaonekana halina mshairi wake katika lugha hiyo, jambo ambalo si kweli. Kinachotakiwa ni diwani: maneno ya Bosco na ya waimbaji wenzake wa Katanga, Edouard Masengo na Losta Abelo, yaandikwe kama yalivyotamkwa, bila mhariri wa pwani kuyasahihisha, yawekwe maelezo, kisha yapelekwe madarasani pamoja na Muyaka na Mwana Kupona.