Namikonga, muhogo wenye babu wa mpira

Tunaendelea na historia ya vyakula vya nyumbani, sehemu ya 3.

Huku Kilwa na Lindi tunaujua uchungu huu: shina limenawiri, unachimba muhogo, unakata, ndani madoa ya kahawia, makavu kama gome. Chakula cha watoto kimekwenda. Ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Mwaka 1936 H. H. Storey, mtafiti wa kituo cha Amani, milima ya Usambara kule Tanga, aliueleza kuwa ugonjwa wa virusi, tofauti na batobato.

Dawa ya kupulizia virusi haikuwepo, basi watafiti wakatafuta mbegu. Wakauangalia mpira, mti ule ule tunaochuma kisamvu cha mpira. Asili yake Brazili. Wajerumani waliulima huku kwa ajili ya utomvu wake. Kumbe ni ndugu wa muhogo!

Wakachukua chavua ya mmoja, wakaipaka kwenye ua la mwingine. Watoto wa kwanza walistahimili magonjwa, ila mizizi yao haikufaa kwa sufuria. Ikabidi wapandishwe tena na muhogo, kisha tena, na kila kizazi wanabakizwa wagumu wenye mizizi ya kulika. Kazi hiyo ya R. F. W. Nichols, baadaye D. L. Jennings, ilifika hadi miaka ya 1950.

Mjukuu mmoja alipewa namba tu, 46106/27. Pwani ya Kenya wakauita muhogo huo Kaleso. Huku kusini tuna Namikonga. Miaka ya karibuni wanasayansi walilinganisha vinasaba vya Kaleso na Namikonga, wakakuta ni muhogo mmoja. Nao watafiti wa Naliendele, Mtwara, wameutumia Namikonga kuwa mzazi wa mihogo mingine.

Namba ilibaki kwenye daftari. Muhogo wenyewe ulibaki hai kwa sababu watu walikata pingili, wakapanda, wakapeana.

Lakini mama, pingili hiyo hiyo ya kupeana ndiyo inayobeba ugonjwa. Majani yanaweza kukudanganya. Kabla hujachukua mbegu kwa jirani, mwombe mchimbe shina moja, mkate mizizi, mtazame ndani. Ukiona kahawia, shukuru, uache. Mukiona nyeupe safi, chukua, na mwakani na wewe umpe mwenzio.