Mtumba: Habari za Neno na za Nguo za Wanawake wa Njombe na Makambako

Neno mtumba ni la zamani kuliko nguo kuukuu tuziitazo hivyo leo. Katika siku za misafara mtumba ulikuwa mzigo wa nguo uliofungwa imara, ukachukuliwa na mpagazi kutoka pwani hata bara, na ndani yake mlikuwa na nguo mpya: merikani, iliyopata jina lake kwa nchi ilikofumwa, na kaniki ya rangi nzito. Mabibi zetu waliposikia neno hili walifikiri mali. Leo binti akiambiwa na wenzake kwamba amevaa mtumba, huinamisha kichwa.

Nguo na cheo vimefuatana tangu zamani. Huko Unguja kaniki ilikuwa vazi la watumwa. Na baada ya utumwa kukomeshwa kwa sheria mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa walijitahidi kununua kanga, wapate kuonekana waungwana. Hapa Ubena mambo yalikuwa mengine. Mwanamke hakwenda dukani mara nyingi, kwa kuwa fedha ilikuwa mikononi mwa mwanamume, naye aliipata mbali, katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Aliporudi alifungua sanduku, akagawa: hii ya mama, hii ya mke, hii ya dada. Basi ajuza wa leo akitaka nguo hutazama kwanza mlango, kama mwanawe anakuja, kabla hajafikiri habari ya soko. Msomaji asidhani kuwa ni uvivu wa uzee.

Baada ya uhuru serikali ilitaka tuvae nguo za viwanda vyetu, na kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa ziliadimika sana, hata kitenge kimoja kilipangiwa foleni, na aliyejuana na mwenye duka alikipata kabla ya mwenye fedha. Nguo kuukuu za Ulaya zilijulikana zaidi kama zawadi zilizopitia misheni. Tangu mwaka 1984 milango ya biashara ilipolegezwa, zikaja kwa marobota, na wenye mzaha wakaziita kafa Ulaya. Makambako palifaa sana kwa biashara hiyo, kwa kuwa hapo njia ya Songea hukutana na njia kuu ya Zambia, na reli ya TAZARA hupita papo hapo. Tena baridi yetu ya mwezi wa Juni na Julai hutaka masweta na makoti mazito, ambayo mtu wa pwani hana kazi nayo.

Watu husema kwamba tajiri hununua dukani na maskini hununua mtumba. Nimekaa sana karibu na soko, nami sikubali. Robota likifunguliwa asubuhi, wanaosimama mbele ni wake wa wafanya biashara, wauguzi na walimu wenzangu, na wasichana waliotumwa na wenye maduka. Hao huchagua koti zuri na kulilipa bei ambayo ingetosha kununua jipya hafifu. Mchana huja wasichana wa shule, wawili wawili, wakishikilia gauni moja na kulirudisha. Jioni, bei ikiisha kushuka, huja mama aliyetoka kuchuma chai au kuuza viazi, naye hutafuta nguo za watoto kwanza. Meza ni moja. Saa ndiyo inayowatenga.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba kidogo kidogo. Rwanda ilishika shauri hilo kwa ushuru mkubwa, ikanyimwa na Marekani nafasi ya kuuza nguo zake huko bila ushuru. Tanzania na Uganda zilirudi nyuma. Waliosifu azimio hilo walitaja viwanda. Mama wa jioni sikusikia akitajwa.

Lakini iko siku moja ambayo mtumba haufai kwa mtu ye yote, nayo ni siku ya arusi. Siku hizi jamaa ya bibi arusi huchagua kitenge cha sare, cha mchoro mmoja, na kila shangazi na mama mdogo hupewa habari ya duka na bei. Katika mitumba hakuna nguo mbili zilizo sawa, kwa hiyo sare haipatikani humo. Mjane anayejivika vizuri mwaka mzima kwa fedha kidogo, bila mtu kujua hali yake, siku hiyo hana budi kuingia dukani au kujulikana. Mke wa mtumishi wa serikali huchukua kitenge kwa mkopo na kulipa mwisho wa mwezi. Mjane hana mwisho wa mwezi. Namjua mama mmoja wa Makambako aliyebaki nyumbani binti wa nduguye alipoolewa, kwa kukosa kipande hicho. Alisema anaumwa miguu, akampeleka mtoto na kuku wawili.