Mieleka ya Jumamosi Alasiri: Kuitazama Upya Mikanda ya ITV

Kituo cha ITV cha Uingereza kilianza kuonyesha mieleka ya kulipwa Novemba 1955, miezi miwili tu baada ya kwenda hewani, na kikaendelea hadi Desemba 1988. Kwa miaka mingi pambano lilikuwa Jumamosi saa kumi alasiri, ndani ya kipindi cha World of Sport kilichoanza 1965, kabla ya kusomwa matokeo ya mpira. Mtazamaji wa leo aliyelelewa na mieleka ya Kimarekani ya WWE huiona mikanda hiyo ya video kuwa ya polepole mno. Naamini anaipunja, kwa kuwa hajajua ilitengenezwa kwa kanuni zipi.

Kanuni zenyewe zilipewa jina la Lord Mountevans. Pambano liligawanywa katika raundi, kwa kawaida za dakika 5, na mshindi alitakiwa kumwangusha mwenzake au kumlazimisha asalimu amri mara mbili. Haikuruhusiwa kumshambulia ovyo aliye chini. Maonyo mawili ya hadharani yalivumilika. La tatu lilimtoa mtu ulingoni. Matokeo yalipangwa kabla, lakini ndani ya kanuni hizo palikuwa na nafasi kubwa ya ufundi. Mick McManus, mkorofi mkuu wa zama hizo, aliyatumia maonyo yake kama mchuuzi anavyotumia mtaji mdogo: alicheza rafu mahali palipomfaa, kisha akatulia ukingoni mwa adhabu huku ukumbi ukimzomea. Ukiangalia bila kuhesabu maonyo, utaona ukorofi tu na kuukosa ustadi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Johnny Saint akikutana na Steve Grey. Mkono unakamatwa, unapindwa, na aliyenaswa hatumii nguvu kujinasua. Anabingirika, anapita chini ya kwapa la mwenzake, na ghafla yeye ndiye mkamataji. Saint aliweza hata kujikunja chini kama mpira na kumwachia mpinzani atafute pa kumshikia. Hapo usingoje kishindo. Fuata swali moja, nani anaushika mkono wa nani, na zile dakika zinazoonekana kimya zitajaa mambo.

Sauti ya Kent Walton inasaidia. Alitangaza tangu mwanzo hadi mwisho, kwa utulivu, akiitaja mikabo kwa majina na kuuheshimu mchezo kana kwamba kila kitu kilikuwa cha kweli. Kwa jinsi hiyo alifundisha taifa zima namna ya kutazama.

Tatizo ni kwamba kumbukumbu za wengi zimeishia kwa mwanamieleka Big Daddy. Jina lake halisi lilikuwa Shirley Crabtree, na ndugu yake Max ndiye aliyekuwa akipanga mapambano. Mwaka 1981 alimkabili Giant Haystacks katika ukumbi wa Wembley, na shughuli yote haikufika dakika 3. Kimieleka, pambano hilo ni jepesi sana. Lakini sikiliza watoto na mabibi wanavyolipuka kwa shangwe: umaarufu ule ulikuwa wa kweli, na mwanahistoria hana haki ya kuupuuza. Kosa ni kuuchukua kuwa sura ya miaka yote 33.

Kuna njia nyingine ya kupima thamani ya shule ile ya mieleka: kuangalia ilikofika. Tom Billington, kijana wa Lancashire aliyejulikana kama Dynamite Kid, alikulia katika kumbi za mieleka hiyo kabla ya kwenda Kanada na Japani. Mjapani Satoru Sayama naye alipigana Uingereza kwa jina la Sammy Lee. Aprili 1981 wawili hao walikutana Tokyo, Sayama akivaa kwa mara ya kwanza barakoa ya mhusika Tiger Mask, na kasi yao ikabadilisha mieleka ya uzito mdogo duniani. Mark Rocco, nyota mwingine wa Jumamosi za ITV, alifuata baadaye huko Japani akiwa Black Tiger. Tazama kwanza Saint na Grey, kisha pambano hilo la Tokyo. Katikati ya miruko, Billington bado anapinda mkono kwa namna ya nyumbani kwao.