Mbaazi na Udongo wa Babati

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hii huijua kila mtu wa pwani, na aghalabu hutumiwa kumsuta mtu mvivu atafutaye wa kumtwika lawama. Mmea wenyewe haukumbukwi sana katika methali hiyo. Hukumbukwa asubuhi, punje zake zinapoletwa mezani zimeungwa kwa tui zito, na mahamri yakiwa pembeni. Na hata hapo, kutoka Lamu hadi Unguja, mlaji huihukumu nazi kabla ya kuihukumu mbaazi. Ni wachache waulizao punje imeota wapi, na katika udongo wa namna gani.

Lindi na Mtwara hutoa mbaazi kwa wingi. Hata hivyo, jina lililopata sifa sokoni miongoni mwa wanunuzi wa nafaka na kunde ni la bara kaskazini: mbaazi nyeupe za Babati. Na huko Babati methali ya pwani imekuwa na maana isiyo ya mzaha. Kwa zaidi ya miaka mia, shamba lilipokosa kuzaa, kila aliyekuwa na mamlaka alikuwa na jua lake la kulisingizia. Wa kwanza alisema ni ng'ombe. Wa pili alisema ni ujinga wa mkulima. Wa tatu alisema ni nyumba kujengwa mbalimbali. Udongo wenyewe ulichelewa sana kuulizwa.

Nangara ni kata ya mji wa Babati, katika mkoa wa Manyara, nchi iliyo zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Juu yake umekaa mlima Kwaraa wenye msitu kileleni. Chini limelala ziwa Babati, ziwa la maji baridi lenye viboko. Wenyeji wa asili ni Wagorowa, ambao watu wa misafara waliwaita Wafiomi, na lugha yao ni ndugu ya Kiiraqw cha Mbulu. Watu wa pwani hawakuwa wageni kabisa katika nchi hizo. Misafara ya pembe iliyotoka Pangani ilipiga kambi Irangi, mwendo wa siku chache kusini mwa Babati, na Kiswahili na Uislamu vilishika mizizi Kondoa kabla ya bendera yoyote ya Ulaya kupandishwa huko.

Mmoja wa walioandika habari za nchi hizo mapema ni Oscar Baumann wa Austria, ambaye safari yake ya 1892 na 1893 ilimpitisha Ngorongoro, kisha hadi upande wa chanzo cha Nile, na tena katika nchi za Wairaqw na Wafiomi. Wasomaji wa visiwani wana haki ya kumkumbuka, kwani baadaye alikuwa konseli wa dola yake Unguja, akaandika vitabu juu ya Mafia, Unguja na Pemba. Alipita bara katika mwaka mbaya. Sotoka ilikuwa imekwisha kufyeka ng'ombe, na aliwakuta Wamasai wakifa njaa kando ya njia. Mauti hayo ya ng'ombe ndiyo yaliyobadili ramani ya kilimo, maana Wamasai walipodhoofika, Wairaqw walianza kushuka kutoka milimani mwao na kuenea Karatu, Mbulu yote, na hatimaye Babati.

Walikotoka panastahili kuangaliwa kwa utulivu. Irqwar Da'aw, ambayo Waswahili wameizoea kwa jina la Mama Isara, ni nchi ya vilima vikali iliyolimwa bila kupumzishwa kwa vizazi vingi. Ng'ombe walilazwa ndani ya nyumba ya watu, na samadi yao ikabebwa kwa vikapu hadi shambani. Magugu hayakuchomwa, yalifunikwa chini ya udongo yaoze. Migongo ya udongo na mistari ya majani ilizuia maji yasikimbie. Wataalamu wa zamani waliona kazi hiyo, wakasema hakuna binadamu afanyaye taabu kiasi hicho kwa hiari. Bila shaka watu hao walikuwa wamezingirwa na Wamasai, na kuzingirwa kukawalazimisha kulima sana pahali padogo. Hoja hiyo ilikaa vitabuni muda mrefu. Mwaka 2004 Lowe Börjeson wa Stockholm aliipinga katika utafiti wake juu ya historia ya milima ya Mbulu. Alionyesha kwamba mashamba yale hayakujengwa kwa mkupuo wa hofu. Yalijengwa kidogo kidogo, katika kazi ya kila siku, kila palizi ikiongeza kitu juu ya palizi iliyotangulia. Hoja yake ina uzito, hasa kwa yeyote aliyewahi kuona bibi mmoja akitunza bustani moja kwa miaka arobaini. Hakuna jeshi lililomzingira.

Waliposhuka Babati walikuta nchi nyingine. Udongo ulikuwa mpya kwa jembe, mwingi na mweusi pahali pengi, na ukizaa bila kudai chochote. Aliyezoea kubeba samadi kilimani hakuona sababu ya kuibeba bondeni. Baadaye yakaja matrekta na majembe yake ya sahani, yakalima kina kile kile mwaka baada ya mwaka, hata chini ya udongo uliolimwa pakafanyika tabaka gumu kama sakafu. Maji ya mvua yalipofika kwenye sakafu hiyo yaligeuka pembeni, yakateremka na udongo wa juu kuelekea ziwani. Mkulima alitazama mahindi yaliyonyauka wiki moja tu baada ya mvua kubwa, akasema mvua siku hizi haitoshi.

Serikali ya Kiingereza nayo ilikuwa na jua lake. Baada ya Vita vya Pili, maofisa wa Mbulu walihesabu ng'ombe, wakaamua ni wengi mno, na wenye ng'ombe wakalazimishwa kuuza. Mambo hayakuishia Mbulu. Milimani Uluguru, wakulima waliamrishwa kuchimba matuta ya ngazi. Udongo wa huko ni mwembamba, na kuchimba ngazi kulifukua udongo wa chini usio na rutuba na kuuzika ule wa juu ulio na chakula cha mmea. Waluguru waliliona hilo kabla ya bwana shamba. Mwezi Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango ukafa. Wakati huo huo Kongwa, ambako Waingereza walikwenda kulima karanga mwaka 1947, udongo ulikuwa umekwisha kutoa jibu lake: kiangazi uligeuka tofali, na majembe ya chuma yakavunjika.

Uhuru haukuondoa tabia ya kuamrisha. Katika Operesheni Vijiji, miaka ya 1974 hadi 1976, kaya zilihamishwa na kupangwa kwa mistari kando ya barabara. Yaliyosemwa juu ya shule na zahanati ni kweli, na mema yake yasikanushwe. Lakini hakuna aliyepima umbali kati ya zizi na shamba. Samadi ni nzito, na mwanamke mwenye kikapu hafiki mbali. Nyumba ilipohamishwa kilomita tatu, samadi ilibaki kijijini ikirundikana, na shamba la zamani likabaki na njaa. Hata leo huko Babati, mashamba yaliyogusana na nyumba ndiyo meusi na yenye mboji. Ya mbali hupata samadi kwa nadra. Kisha, mwaka 1979, katika wilaya jirani ya Kondoa, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, uliondoa mifugo yote katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Makorongo yalitulia na miti ikarudi. Wote waliofika walishuhudia. Ila pamoja na ng'ombe iliondoka samadi, na familia zilizokaa zikalima ardhi iliyopona majeraha huku ikikosa chakula.

Zamu ya Babati ilifika kwa njia ya maji. Mwaka 1990 ziwa lilifurika na kuingia mjini. Ni rahisi kuisingizia mvua, na mvua ilikuwa kubwa kweli, lakini macho yaligeukia pia vilima vilivyokatwa miti na mashamba yaliyoshusha udongo wake ziwani. Mwanzoni mwa muongo huo, Sweden iligharimia mpango wa matumizi bora ya ardhi wilayani, uliojulikana kwa ufupisho wa LAMP. Tabaka gumu lilivunjwa kwa visu virefu vya chuma, makinga maji yakachimbwa, miti ikapandwa. Jambo lake kubwa, hata hivyo, lilitokea msituni. Serikali ilikuwa karibu kuufanya msitu wa Duru-Haitemba kuwa hifadhi yake. Wanavijiji wakakataa, na katikati ya miaka ya 1990 vijiji vinane vilikabidhiwa msitu wao vilinde vyenyewe. Mfano huo ulikuwa miongoni mwa iliyoandaa njia ya Sheria ya Misitu ya 2002. Hii ilikuwa mara ya kwanza, katika kisa kirefu, kwa mwenye shamba kuulizwa kwanza.

Kilimo hai kilipoanza kuhubiriwa, na baada ya 2007 kikawa na kanuni moja ya Afrika Mashariki na alama yake ya Kilimohai, wakulima wazee wa Babati walisikia mafundisho yaliyofanana mno na maneno ya nyanya zao. Biwi la mboji hupangwa kwa tabaka: mabua makavu chini ili hewa ipite, majani mabichi, samadi, jivu kidogo na udongo wa juu, kisha maji. Mti mrefu huchomekwa katikati na kuachwa humo. Baada ya siku chache huchomolewa na kushikwa kwa kiganja: ukiwa wa moto, biwi linafanya kazi, ukiwa baridi na mkavu, lina kiu. Hugeuzwa, hufunikwa, na baada ya miezi miwili mitatu huwa kitu cheusi chenye harufu ya msitu baada ya mvua. Mwingereza Albert Howard aliiandikia sayansi kazi ya namna hii baada ya kuitazama India, na tangu 1933 mbinu yake ikatumiwa katika shamba la kahawa karibu na Kiambu, jirani na Nairobi. Yeye mwenyewe alikiri kuwa wakulima wa Asia walikuwa walimu wake. Wa Irqwar Da'aw hawakupata kutajwa.

Ugumu wa biwi haumo katika kulipanga. Umo katika mabua. Bua la mhindi ni chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi, ni kuni, ni ua wa nyumba, na sasa mtaalamu anataka liachwe shambani liwe matandazo. Mtu mwenye ng'ombe wawili wa maziwa hawezi kuwatandikia nyungunyungu karamu huku ng'ombe wakilala njaa. Mijadala mingi ya rutuba hulipita swali hili kwa haraka isiyofaa. Mjini ni zaidi: tangu Babati ilipofanywa makao makuu ya mkoa mpya wa Manyara mwaka 2002, mashamba ya pembezoni yamekuwa yakikatwa viwanja, na udongo uliolishwa samadi kwa miaka mingi huchimbwa msingi wa nyumba kwa siku moja.

Kuna mgodi wa rutuba ambao watu wa visiwani watausikia kwa furaha. Kaskazini mwa wilaya, karibu na ziwa Manyara, kipo kilima cha Minjingu. Zamani ziwa lilipokuwa kubwa zaidi, kilima hicho kilikuwa kisiwa, na ndege wala samaki walitaga juu yake kwa makundi yasiyohesabika. Mavi yao na mifupa yao yaligeuka mwamba wa fosfeti. Kiwanda kilifunguliwa hapo mwaka 1983, na mwamba ukasafirishwa hadi Tanga kugeuzwa mbolea ya chumvichumvi, hata kiwanda cha Tanga kilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwamba uliosagwa tu, usiotiwa tindikali, hukubaliwa katika kilimo hai. Wilaya iliyosemwa kuwa udongo wake umechoka ilikuwa imekalia chakula cha udongo muda wote.

Na mbaazi? Huo hupandwa pamoja na mahindi, siku moja, shimo kwa shimo. Hukua polepole, haumbughudhi mwenzake. Mahindi yakishavunwa unabaki peke yake na kunyanyuka, mzizi wake ukipenya ile sakafu ya trekta na kunywa maji ambayo mhindi haukuyafikia. Vinundu vya mizizi hufunga naitrojeni ya hewa. Majani hupukutika na kufunika ardhi. Mwaka 1990 watafiti waliofanya kazi India walieleza jambo la ziada: mzizi wa mbaazi hutoa tindikali inayofungua fosfeti iliyoshikwa na chuma, ambayo mimea mingi haiwezi kuigusa. Mkulima hakupanda mbaazi kwa sababu hizo. Aliupanda kwa sababu wafanyabiashara walinunua kwa ajili ya India, na udongo ukafaidika bila kutajwa kwenye bei.

Hapo ndipo udhaifu ulipokuwa. Agosti 2017 India iliwekea mipaka uingizaji wa mbaazi, na bei ikaanguka Babati kama nazi kutoka mnazini. Aliyeng'oa mbaazi mwaka huo aling'oa pia mbolea yake ya mwaka ujao. Mei 2021 mlango ulifunguliwa tena, na mistari ya mbaazi ikaonekana upya kati ya mahindi.

Umebaki ugomvi mmoja wa zamani, ambao hakuna soko linaloumaliza. Kwa desturi, mahindi yakishavunwa shamba huwa la wote, na ng'ombe wa kijiji huingia kula mabua. Lakini mwezi Julai mbaazi bado umesimama, vitumba vyake ndiyo kwanza vinajaa, na hautavunwa hadi Agosti au Septemba. Hivyo mchungaji husimama mpakani na ng'ombe wake, mkulima husimama ndani na mbaazi wake, na kila mwaka hulazimika kukubaliana tarehe.