Mbarara: Kutoka Nyumba za Boma hadi Vyumba vya Muzigo

Kugawa miji ya Uganda kwa kufuata wingi wa nyumba kulianza enzi za ukoloni. Mwaka 1947 msanifu Mjerumani Ernst May alitoa mpango wa kupanua Kampala: Kololo ilipewa Wazungu na Waasia, Naguru ikapewa Waafrika, kila mtaa na ukubwa wake wa viwanja. Mbarara nayo ilikuwa na Boma lake, yaani mtaa wa utawala wa kikoloni, nyumba za maofisa zikiwa zimetawanyika katikati ya bustani.

Uhuru uliondoa ubaguzi wa rangi, lakini ukubwa wa viwanja ulibaki. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilipoanzishwa mwaka 1989, hosteli zikahitajika. Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 iliifanya nchi nzima kuwa eneo la mipango, na tarehe 1 Julai 2020 Mbarara ikawa jiji. Vitongoji kama Makenke, penye kambi ya jeshi kando ya barabara ya Masaka, vikajikuta ndani ya jiji linalokua.

Kuruhusu nyumba nyingi zaidi kwenye ardhi ile ile kuna faida na hasara zake. Ekari moja yenye nyumba moja hutoa viwanja vinane hivi vya futi 50 kwa 100, kabla ya kutenga njia. Kila kiwanja kikijengwa vyumba sita vya muzigo, yaani vyumba vya kupanga vya familia moja moja, familia 48 zitakaa palipokaa moja. Mwenye ardhi hupata kodi na mpangaji wa kipato kidogo hupata pa kulala karibu na kazi. Lakini vyoo vya shimo huongezeka, na maji machafu huelekea mto Rwizi, ambao hutoa maji ya bomba ya mji huo huo.

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, nayo yamepitia hali kama hiyo. Makazi hayo ya kilomita za mraba 185 hivi yalifunguliwa mwaka 1958 kwa wakimbizi wa Rwanda. Wakongo, Warundi na Wasomali walipozidi kuja, viwanja vya kujenga na kulima vilipungua, na foleni za maji zikarefuka.

Msongamano wenyewe si kosa. Kosa ni kuruhusu nyumba zitangulie huduma. Kwa hiyo kamati ya mipango ya jiji inapaswa kudai maji, mifereji na barabara kabla ya kuidhinisha ujenzi, na wakazi nao watoe pingamizi zao wakati rasimu ya mpango ingali wazi kwa maoni ya umma, kwa kuwa nyumba zikishasimama ni vigumu kuziondoa.