Maji ya Pilato

Pilato hakushika mjeledi wala nyundo. Alinawa mikono mbele ya umati, kisha akamtoa Yesu asulubiwe. Hata hivyo jina lake tunalitaja kila tunapoikiri imani yetu, kwa maana anayemkabidhi mtu kwa watesaji hatakati kwa maji.

Tarehe 26 Septemba 2002, Maher Arar, mhandisi raia wa Kanada mzaliwa wa Syria, alizuiwa katika uwanja wa ndege wa New York akirudi nyumbani kutoka likizo. Polisi wa Kanada walikuwa wamewaandikia Wamarekani kwamba yeye na mkewe ni Waislamu wenye msimamo mkali wanaoshukiwa kuhusiana na al-Qaeda. Maneno hayo hayakuwa na msingi. Marekani ikamsafirisha hadi Jordan, na kutoka huko akaingizwa Syria. Alipigwa kwa waya wa umeme, akafungiwa zaidi ya miezi kumi katika chumba chembamba alichokifananisha na kaburi. Maelezo aliyotolewa kwa mateso yakafika mikononi mwa maofisa wa Kanada, nao wakayapokea.

Mkewe, Monia Mazigh, alibisha kila mlango, kama yule mjane mbele ya kadhi dhalimu, mpaka mumewe akarudi Oktoba 2003.

Mwaka 2006 tume ya Jaji Dennis O'Connor ilitamka kwamba hapakuwa na ushahidi wowote kuwa Arar alitenda kosa. Haikuona kwamba maofisa wa Kanada walishiriki katika uamuzi wa kumpeleka Syria, lakini ilisema yaelekea Marekani ilitegemea taarifa zao potofu. Januari 2007 Waziri Mkuu Stephen Harper aliomba radhi, na serikali ikalipa fidia ya dola za Kanada milioni 10.5.

Wapendwa, hofu ya ugaidi si ngeni kwetu. Agosti 1998 Nairobi na Dar es Salaam zililia. Tuna haki ya kudai ulinzi. Lakini mateso ya Arar yalianzia kwenye karatasi, kwa kuvunja amri ya kutomshuhudia jirani uongo. Tunapodai usalama bila kuuliza mshukiwa amepelekwa wapi, wala atafanywa nini huko, sisi ndio tunaolishika beseni Pilato anawe.